Kutua Mzigo na Kumtwisha Mwingine

Siku hizi maneno "msongo wa mawazo" yamo katika kila kinywa. Daktari huyatamka, mhubiri huyatamka, hata mtoto wa darasa la saba aliyeshindwa hesabu atakuambia kwamba ana msongo. Sisi tulipokuwa vijana hatukuyasikia. Wazee walisema mtu "ana mawazo", au "amelemewa", au "moyo wake hauko mahali pake". Majina yamebadilika, jambo ni lilelile.

Mwaka 1936 mtaalamu aitwaye Hans Selye, aliyekuwa akifanya kazi Montreal nchini Kanada, aliandika juu ya panya aliowataabisha kwa namna mbalimbali: wengine kwa baridi, wengine kwa kuwachosha, wengine kwa sumu. Aliona kwamba miili yao ilijibu kwa namna moja. Tezi zilizo juu ya figo zilikua kupita kiasi, na matumbo yakaota vidonda. Mwili, basi, hauulizi adha imetoka wapi. Hujiandaa kupigana au kukimbia, na ukikaa katika maandalizi hayo mwezi baada ya mwezi bila kupigana wala kukimbia, huanza kujila wenyewe.

Mimi si daktari. Nilihitimu Chuo cha Ualimu Butimba mwaka 1973, nikafundisha na kuongoza shule mpaka nilipostaafu mwaka 2011, na miaka kumi na miwili ya mwanzo niliitumikia katika vijiji vya Usukuma. Miaka hiyo ilikuwa ya dhiki kubwa nchini Tanzania. Niliwaona watu waliobeba taabu ileile, katika kijiji kilekile, wengine wakitoka na utu wao mzima na wengine wakiharibika. Kwa muda mrefu nimejiuliza tofauti ilikuwa wapi. Haikuwa katika elimu, wala katika mali, maana wote tulikuwa maskini. Naona ilikuwa katika jinsi kila mmoja alivyoutua mzigo wake.

Mfano wa mzigo sikuutunga mimi. Ni wa nchi yenyewe. Katika karne ya kumi na tisa Wanyamwezi na jirani zao Wasukuma walijulikana kuliko watu wote wa bara kwa kazi ya upagazi. Walibeba pembe za ndovu kutoka bara mpaka pwani na kurudi na vitambaa, shanga na nyaya za shaba, mtu mmoja akichukua mzigo wa kilo thelathini hivi, safari ya miezi. Waliimba njiani, walipiga ngoma kambini, na waliposhuka Bagamoyo walisherehekea. Jina la mji huo watu hulieleza kwa njia mbili. Wapo wasemao kwamba "bwaga moyo" ni kupumzika, mpagazi ametua mzigo wake na roho yake imetulia. Wapo wasemao kwamba ni neno la watumwa waliofika ufukoni wakakata tamaa. Wataalamu wa majina na wabishane. Mimi huona kwamba maelezo yote mawili yanatufundisha. Moyo unaweza kubwagwa kwa kupumzika na unaweza kubwagwa kwa kukata tamaa, na anayetazama kwa mbali hawezi kutofautisha. Tena safari zile hazikuwa na huruma nyingi. Waliougua wengi waliachwa njiani, na mizigo yao ikawaangukia waliobaki.

Sasa nieleze miaka yetu. Mwishoni mwa mwaka 1973 ilitangazwa kwamba kuishi katika vijiji ni lazima, na mwaka 1974 operesheni ikafika Usukuma. Wasukuma walikuwa wamezoea miji iliyotawanyika, kila mwenye boma na uzio wake wa minyaa, ng'ombe wake karibu na makaburi ya wazee wake karibu. Katika majuma machache familia zilijikuta zimepangwa mstari mmoja na watu wasiowajua, mashamba yakiwa mbali na maji yakiwa mbali zaidi. Miaka hiyohiyo ilikuwa ya ukame, na bei ya mafuta duniani ilikuwa imepanda. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, nchi ikaenda vitani, na Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Baada ya ushindi Mwalimu Nyerere alituambia tufunge mikanda kwa miezi kumi na minane. Miezi hiyo ilipita, na mikanda haikufunguliwa kwa miaka.

Vijana wa leo hawawezi kuamini tukiwaeleza. Sabuni iliadimika, tukafulia majani ya mpapai. Sukari ilikuwa habari ya kusimuliwa. Mafuta ya taa yakikosekana, daftari za wanafunzi zilisahihishwa kabla jua halijazama. Chaki ziliisha, tukaandikia ubaoni kwa vipande vya muhogo mkavu. Na wakati huohuo shule zilijaa, kwa sababu azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kila mtoto awe na nafasi ya elimu ya msingi ifikapo mwaka 1977. Lilikuwa azimio jema, na mimi ni mmoja wa waliolitekeleza kwa moyo. Lakini darasa langu lilikuwa na watoto zaidi ya themanini, na mshahara ulikuwa ukichelewa. Mtu alitembea hadi makao ya wilaya kuufuata, akarudi na vumbi tu.

Katika hali hiyo kila mmoja alitafuta pa kupumulia. Nitaanza na njia zilizoharibu.

Ya kwanza ilikuwa gongo. Pombe za kienyeji zilikuwapo tangu zamani, za mtama na za asali, zikinywewa baada ya mavuno na katika arusi. Zilikuwa na msimu wake na wakubwa wake. Gongo haikuwa na msimu. Mwalimu mwenzangu mmoja, hodari wa hesabu kuliko sisi sote, aliianza mwaka 1979 ili apate usingizi. Usingizi aliupata, kwa saa tatu au nne. Kisha huamka kabla ya jogoo, kijasho kikimtoka, mawazo yakiwa palepale na kichwa kikigonga. Sasa wataalamu wanaeleza kwamba ndivyo pombe ilivyo: humlaza mtu upesi, kisha humvunjia usingizi nusu ya pili ya usiku. Yeye hakuambiwa. Aliongeza kipimo. Mkewe akaanza kuuza karanga sokoni ili kulipa madeni ya kilabuni, na binti yao mkubwa akaacha shule ili kulea wadogo zake. Utaona, ndugu msomaji, mzigo haukupungua hata ratili moja. Ulihama kichwani mwa baba ukaenda kichwani mwa mama, na kutoka kwa mama ukaenda kwa mtoto wa miaka kumi na mitatu. Mwenzetu huyo alifariki kabla hajatimiza miaka arobaini.

Njia ya pili ilikuwa kiboko. Watu hawaihesabu miongoni mwa njia za kutua mawazo, lakini mimi niliyeishi katika ofisi za walimu naihesabu. Siku ambayo mshahara haukuja, fimbo zilifanya kazi. Kosa la mtoto lilikuwa lilelile la jana, kuchelewa au kusahau jembe, ila leo adhabu ilikuwa mara tatu. Watoto walijifunza kumsoma mwalimu usoni kabla ya kusoma kitabu. Mwalimu aliyemaliza kuchapa alikaa chini akiwa ametulia, na huo ndio ubaya wake: njia hii humtuliza kweli anayeitumia, kwa hiyo huirudia.

Mwalimu mkuu wangu wa kwanza alilitambua jambo hilo bila kusoma kitabu chochote cha saikolojia. Aliagiza fimbo zote zikae ofisini kwake, na anayetaka kuchapa aende akaeleze kosa na kuliandika daftarini. Alipomwona mwalimu amekuja na uso umekunjamana, alilichukua darasa lake mwenyewe na kumkabidhi jembe. "Nenda bustanini," alimwambia, "ukapige ardhi. Haina mama wa kuililia." Miaka mingi baadaye, kanuni za mwaka 2002 ziliweka kikomo cha viboko vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au kwa idhini yake, na kuandikwa. Nilipozisoma nilimkumbuka mzee yule.

Njia ya tatu ni nzito kuisema, lakini historia ya Usukuma haiwezi kuandikwa bila hiyo. Nyumba zilipobanwa pamoja, surua ikapita kama moto wa kiangazi, na mvua zikakataa, watu walitafuta sababu. Waliipata kwa bibi kizee. Macho yake yalikuwa mekundu kwa sababu amepikia kinyesi cha ng'ombe maisha yake yote, katika nchi isiyo na kuni, ndani ya nyumba isiyo na dirisha. Hayo macho yakawa ushahidi. Tume iliyochunguza jambo hili miaka ya 1980 ilikuta kwamba kati ya mwaka 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,600 waliuawa nchini kwa tuhuma za uchawi. Wengi wao walikuwa wanawake, na sehemu kubwa ya mauaji hayo ilitokea Usukuma.

Katika kijiji nilichofundisha aliuawa mmoja, mjane aliyekuwa akinigawia maziwa ya mgando. Watoto wa nyumba mbili za jirani walikuwa wamekufa kwa surua katika juma moja. Baba zao walikuwa watu wema. Mmoja alinisaidia kuezeka nyumba yangu. Sikupata kujua ni nani aliyelipa wale waliokuja na mapanga usiku. Mjukuu wake alikuwa darasa la nne. Siku ya tatu alikuja shuleni bila daftari, akakaa mahali pake pa kila siku, na hakuna mtoto aliyekaa naye benchi moja. Nilihamisha meza yangu nikaiweka karibu naye na kufundishia hapo mpaka muhula ulipokwisha. Huzuni ya wale wazazi wawili ilikuwa ya kweli kabisa. Ilipokosa mahali pa kutuliwa ilitwishwa mtu ambaye hakuwa na nguvu ya kuukataa mzigo.

Lakini nisimalize kana kwamba watu wote walianguka. Walio wengi hawakuanguka, na haikuwa bahati.

Wasukuma wana chama cha vijana wa mtaa kiitwacho elika, ambacho hulima kwa zamu mashamba ya watu. Asubuhi na mapema vijana hupanga mstari, ngoma hupigwa, na majembe hupanda na kushuka kwa mdundo mmoja. Katika ngoma ya bugobogobo jembe lenyewe hurushwa juu na kudakwa. Mwenye shamba huandaa chakula. Nimelima nao mara nyingi na nimechoka mpaka magoti yanatetemeka, lakini sijapata kurudi kutoka elika nikiwa na hasira. Nilipokuja kusoma habari za Selye na panya wake nilielewa sababu. Mwili uliokuwa umejiandaa kupigana ulipewa pambano lake, kwa jembe, chini ya jua, pamoja na wengine. Jioni ulikuwa na ruhusa ya kulala. Na baada ya usingizi huo hakukuwa na deni wala majuto, bali shamba la mjane fulani lilikuwa limekwisha kulimwa.

Baada ya mavuno zilikuja ngoma za mashindano, Bagika upande huu na Bagalu upande ule. Watu walitembea maili nyingi kuja kutazama. Wale tuliokuwa tukihesabu njaa tulikuwa na jambo jingine la kubishania kwa majuma kadhaa, na ubishi wa kupendeza ni dawa. Jioni nyingine redio moja iliwekwa kwenye kiti nje ya nyumba ya katibu wa kijiji, betri zikiwa zimeanikwa juani mchana kutwa ili zipate nguvu, nasi tukasikiliza Mlimani Park na Juwata Jazz kutoka Radio Tanzania. Hakuna aliyekuwa na sukari, lakini hakuna aliyekuwa peke yake.

Tena tulicheka. Serikali ilipoleta mahindi ya njano ya msaada, unga wake ukaitwa "unga wa Yanga" kwa ajili ya rangi ya timu hiyo, na mashabiki wa Simba wakalalamika kwenye foleni kwamba wamelazimishwa kummeza mtani wao mchana na usiku. Foleni yenyewe ilikuwa shule. Mtu aliweka jiwe kushika nafasi yake akaenda shambani, akirudi jiwe lake lipo, na aliyelilinda ni jirani ambaye pengine hata hawakuwa wakisalimiana zamani.

Na msiba ulipotokea, watu walilala matangani. Leo vijana huona ni kupoteza muda. Mimi naona kwamba wazee walijua hatari ya mtu kubaki peke yake na huzuni mbichi. Waliokuja hawakutoa mawaidha marefu. Walileta kuni, maji na unga, wakakaa. Methali inasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, yaani taabu isiyo yako huwezi kuijua uzito wake. Kukaa matangani ni kujaribu kuuinua upande mmoja ili uujue.

Hata hivyo nisimdanganye msomaji kwamba kila lifanywalo pamoja ni jema. Baada ya vita vya Kagera bunduki zilizagaa, wizi wa ng'ombe ukazidi, na polisi walikuwa mbali. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Wasukuma na Wanyamwezi wakaunda sungusungu, kwa pinde, mishale na filimbi. Katika majuma machache watu walilala tena usingizi. Kwa mtu aliyekuwa akikesha na mkuki mlangoni hiyo ilikuwa tiba kubwa kuliko dawa yoyote, kwa sababu hofu yake ilikuwa imekabiliwa, haikufunikwa. Lakini sungusungu haohao, mahali pengine, waliwageukia waliodhaniwa wachawi wakawapiga na kuwatenga. Filimbi ilikuwa ileile.

Jambo hilo halikuishia vijijini. Machi 1983 serikali, Waziri Mkuu akiwa Edward Sokoine, ilianza kuwasaka wahujumu uchumi. Walanguzi walikuwapo, na baadhi yao walistahili kabisa kushtakiwa. Wengi tuliokuwa kwenye foleni tulifurahi. Lakini furaha ile ikawa na ladha ya kumpata mtu wa kumtwisha. Wafanyabiashara wadogo waliogopa hata wakatupa bidhaa mitoni na vyooni, sabuni na vitambaa ambavyo watu walikuwa wakivililia. Maduka hayakujaa. Yalianza kupata bidhaa baada ya bajeti ya mwaka 1984 kuwaruhusu watu kuagiza vitu kwa fedha zao za kigeni, na zaidi baada ya mabadiliko ya mwaka 1986. Kumbe sehemu kubwa ya uhaba ilitokana na nchi kukosa fedha za kigeni, na fedha hizo hazikuwa zimefichwa uvunguni mwa kitanda cha mtu yeyote. Sokoine mwenyewe hakuuona mwisho wake. Alifariki kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984, na nchi ilimlilia kwa dhati, kwa maana hakuna aliyemshuku kwamba alijitafutia nafsi yake.

Kwa hiyo sipimi njia ya kutua mawazo kwa kuangalia kama ni ya zamani au ya kisasa, ya peke yako au ya pamoja, ya raha au ya jasho. Dansi ni raha na haikumdhuru mtu. Kiboko kina jasho na kiliwadhuru wengi. Naipima kwa swali moja: kesho asubuhi mzigo huu utakuwa kichwani mwa nani? Ukiwa umepungua, au umegawanywa kwa ridhaa ya waliokuja kuusaidia, njia ni njema. Ukiwa juu ya mke, au mtoto, au mwanafunzi, au kizee wa jirani, au mwili wako mwenyewe wa miaka kumi ijayo, hukuutua. Umeutupa, na umemwangukia mtu.

Dhiki za leo ni nyingine. Sukari ipo dukani, ada ndiyo haipo. Kijana amehitimu na hana kazi, na simu yake inamwonyesha usiku kucha jinsi wenzake wanavyofanikiwa. Pombe kali za viroba zilipigwa marufuku Machi 2017, lakini chupa zimebaki, na siku hizi upo mchezo wa kubashiri matokeo ya mpira, ambao humwahidi kijana kumwondolea deni kwa shilingi elfu moja na kumwongezea deni kila Jumamosi. Anayeulipa mwishowe ni mama yake.

Walimu vijana wakinitembelea hulalamika kwamba mambo yetu ya zamani hayawezekani tena mjini, kwa kuwa elika haipo na shamba halipo. Nawajibu kwamba jembe lilikuwa chombo tu. Tembea kwa miguu mpaka jasho likutoke. Ingia katika kwaya, au timu, au upatu wa watu waaminifu. Mtafute mtu mmoja ambaye unaweza kumwambia, "Mwenzangu, nimelemewa," naye asikucheke wala asikutangaze. Lala mapema ukiweza. Mawazo yakikunyima usingizi kwa majuma, nenda hospitali bila haya, kama unavyokwenda kwa malaria. Na siku ambayo uso wako umekunjamana, kabla hujaingia darasani au nyumbani kwako, simama mlangoni kidogo, uangalie ni nani walio ndani na kama wana nguvu ya kubeba hicho unachokuja nacho.